Asilimia Thelathini na Moja

…na bado ni thelathini na moja, ile ile ya dakika tisa zilizopita, asilimia thelathini na moja na kile kiduara cheupe kinachozunguka juu yake bila haya, Inasasisha, tafadhali usizime kompyuta yako, yako nani, mpima masikio anajiuliza huku ameuma meno, ingekuwa yangu ingenisikiliza, ingekuwa yangu ningekuwa nimeshaibeba na kuitupa dirishani ikaangukie gari la mganga mkuu wa hospitali aliyeinunua, na ngumi zake mbili ziko juu ya meza, na katikati ya ngumi hizo kuna kisahani cha plastiki chenye vifaa viwili vya kusikilizia, vidogo kama maharagwe, kila kimoja na waya wake mwembamba uliochomekwa kwenye kompyuta, cha kulia kimeshalishwa vipimo, cha kushoto kimekatiziwa njiani, tonge mdomoni, na ukichomoa waya sasa hivi kitakufa, na usipochomoa nacho kitakaa hivyo hivyo bubu, kwa sababu vifaa hivi hutoka kiwandani bubu, havitoi hata mlio mpaka vilishwe vipimo vya mwenye masikio, na mwenye masikio ni huyu hapa, ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba mapajani, gauni la kutokea, viatu vimefutwa, mama yake mzazi, ambaye hata mlango ukibamizwa nyuma ya kichwa chake hageuki. "Hii ndiyo televisheni yenu?" mama anauliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, "mbona inaonyesha kitu kimoja tu?" na huko nje kwenye mabenchi ya korido watu wanacheka, anawasikia wakicheka, chekeni tu, zamu zenu zinakuja, mtaingia humu mmoja mmoja mkikuta kiduara kinazunguka… Sawa, ndiyo iliyoniponza, Sawa, Sawa, Sawa, ndivyo kazi hii ilivyo, programu inauliza kila hatua, sauti nyembamba iwe hivi, Sawa?, sauti nene iwe hivi, Sawa?, hatua ishirini sikio moja, ishirini jingine, wagonjwa wanne kwa siku, miaka kumi na moja, kidole chake kimebonyeza Sawa mara nyingi kuliko mdomo wake ulivyowahi kuitamka, na leo asubuhi, baada ya hatua ya kumi na nne ya sikio la kushoto la mama yake, likajitokeza dirisha jingine kabisa, mahali pale pale, kitufe pale pale, Kompyuta itazimwa sasa ili kukamilisha masasisho, Sawa?, na kidole, kidole kijinga hiki, kikabonyeza. Alikiona kikibonyeza. Alikuwa anamtazama mama, anamwonyesha kwa mkono kwamba bado kidogo, na akaona kwa pembeni maandishi si yale, akasema hapana hapana hapana, lakini kompyuta nayo ni kiziwi, skrini ikawa nyeusi, halafu bluu, halafu moja kwa mia, kumi, ishirini na tano mbiombio kama inayokimbilia harusi, halafu thelathini na moja, na hapo ikakaa kitako.

Saa nne na dakika kumi na tano, na saa tano na nusu watakuja na kitanda cha magurudumu kumchukua baba. Ghorofa ya tatu, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, vitanda vinane na wanaume wanane na baba yake mmoja wao, hajala tangu jana, amenyolewa ndevu, anasubiri… "Umejaribu kuizima ukaiwasha?" hivyo ndivyo alivyomuuliza yule fundi wa kompyuta wa hospitali, ambaye jina lake jengo zima limelisahau, wanamwita Zima-Washa kwa sababu hana dawa nyingine, dakika sita zilizopita kwenye simu, umejaribu kuizima ukaiwasha, akamjibu imeandikwa usizime, imeandikwa kwa herufi kubwa kama kwenye mlango wa chumba cha umeme, akasema, "Basi usizime, dada," na nyuma ya sauti yake akasikia kijiko kinakoroga kikombe, kling kling kling, mtu anakunywa chai na mimi huku naungua, "Itachukua muda gani?" "Hiyo? Inaweza kuwa dakika tano. Inaweza kuwa saa tatu. Inategemea ulilimbikiza kiasi gani," ulilimbikiza, alilitamka neno hilo kama anaokota kitu kwenye uchafu, "kwani Ijumaa huwa unaiacha imewaka? Maana nimebandika tangazo kila mlango, Ijumaa tusizime, zisasishe zenyewe Jumamosi na Jumapili," na yeye akageuka kulitazama, kwa sababu tangazo liko pale, nyuma ya mlango, ameliona kwa miezi minane, na kila Ijumaa saa tisa na nusu alasiri yeye mwenyewe, kwa mkono wake, anainama chini ya meza na kuing'oa plagi ukutani, kwa makusudi, kwa sababu mwaka juzi aliiacha iwake kama alivyoambiwa na Jumatatu akakuta programu ya vipimo imepotea, wiki mbili wagonjwa wanarudishwa nyumbani, akaapa kwamba hanisasishii tena mtu, na akaendelea hivyo, plagi Ijumaa, na katikati ya wiki ikijitokeza tu anabonyeza Baadaye, Baadaye, Baadaye, na mambo yote hayo ya baadaye yalikuwa yanajipanga foleni humo ndani, yanasubiri asubuhi ya leo. "Dada, bado upo?" "Nipo." "Nikimaliza hapa nitashuka," akasema Zima-Washa, hapa wapi, kwenye kikombe?, na sasa dakika sita zimepita na kwenye ngazi hakuna hata kishindo cha kiatu. Mjinga yule. Na mimi ni nani? Kaa kimya. Mjinga ni yule.

"Kinazunguka tu," mama anasema, amesogeza shingo kuitazama skrini, "kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya watu," na benchi zima linaangua kicheko, na mpima masikio anainua kiganja, ngoja mama, bado kidogo, ishara ile ile aliyoionyesha robo saa iliyopita, na mama anatikisa kichwa kwa adabu ya mgeni, na adabu hiyo inamkasirisha zaidi kuliko ile kompyuta, kwa sababu kwa miaka sita mwanamke huyu hakuwa na adabu hata chembe kuhusu masikio yake, mimi si kiziwi, nyinyi ndio mmeanza kunong'ona, nyumba nzima mnanong'ona kama wezi, na mtu akipiga simu anaishika kichwa chini miguu juu na kusema hakuna mtu humu, na redio ikiwashwa anaambia watu imeharibika, akaletewa picha za vifaa akasema hayo maharagwe kaweke kwako, akaitiwa shangazi amshawishi akamwambia shangazi amenenepa, miaka sita, halafu Jumatatu wiki hii, ghafla, mezani, hajaulizwa na mtu, akaweka kijiko chini akasema, "Nipelekeni mkanipime," na jana akapimwa, na leo saa tatu stoo ndiyo imetoa vifaa, baada ya sahihi nne, moja ya mtu aliye likizo. Kwa nini hukusema mwaka jana, mama, anamwambia kimoyomoyo, kwa nini hukusema mwaka jana wakati baba alikuwa na sauti kama ya mnada… na sasa anaisikia sauti ya Jumapili, sauti iliyobaki, mkwaruzo tu, kama mtu anaburuta gunia kwenye saruji, baba amekaa ukingoni mwa kitanda cha wodi na miguu yake myembamba inaning'inia, daktari wa koo ameshaondoka, ameshasema yake, uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti, hakuna cha kukwangua, kinatolewa chote, utapumulia tundu hapa shingoni, utakula, utatembea, miaka mingi mzee wangu, ila sauti ndiyo basi tena. Baba alimshukuru daktari. Halafu akamvuta yeye karibu, akamwambia, "Mama yako anajua napasuliwa koo. Hajui zaidi ya hapo. Usimwambie wewe." "Sasa nani, baba?" "Mimi. Miaka sita namfokea mama yako, chumvi, mlango, simu inalia, mvua hiyo anua nguo, labda koo lenyewe limeharibikia huko," akacheka, na kicheko hakikutoka, mabega tu yalitikisika, "sasa hata kufoka siwezi, na hata ningeweza, hili si la kufokewa mbele ya wanaume saba. Mtengenezee masikio. Nina maneno yangu na mke wangu, na nataka ayasikie kwa sauti hii hii niliyomposea, hata kama imechakaa." Akasema hivyo, akajilaza, akageukia dirishani, na yeye binti, mtaalamu, mwenye vyeti vitatu ukutani, akasema hilo tu baba, hiyo ndiyo kazi yangu. Hilo tu! Mdomo huu. Alilisema kama mtu aliyeombwa kushona kifungo.

Andika basi, muuguzi wa zamu alimshauri leo asubuhi, si aandike kwenye karatasi, mama anajua kusoma, na alitaka kumrukia yule dada wa watu asiye na kosa, kwa sababu mama anajua kusoma, ndiyo, ila anasoma kwa mdomo, kila kitu, tangu ujana wake, kopo la maziwa anasoma kwa mdomo, kibao cha barabarani anasoma kwa mdomo, ujumbe wa siri aliotumiwa na jirani kuhusu mume wa jirani aliusoma kwa mdomo uani na ndoa ya watu ikatikisika wiki nzima, mpe barua ya mume wake mbele ya vitanda vinane uone, atawatangazia wodi nzima tundu la shingoni, neno kwa neno, na atafika katikati kabla hajaelewa anasoma nini… thelathini na moja. Thelathini na moja! Piga hatua, nguruwe wewe, hata nusu, hata thelathini na moja na robo, nione unapumua. Anaigonga skrini kwa kucha. Kiduara kinazunguka. Saa nne na dakika ishirini na mbili. Na nani aliyeandika haya maneno, Tunakuandalia kompyuta bora zaidi, sijakuomba bora zaidi, nilikuwa na mbovu yangu nimeizoea, ilikuwa inafanya kazi, nani amekutuma, kuna mtu mahali fulani ameketi kwenye kiti kizuri akaamua kwamba leo, saa hii, hatua ya kumi na nne, na mtu huyo ana mama, na mama yake anasikia vizuri bila shaka, anasikia hata paka akijilamba, mpuuzi mkubwa, na Zima-Washa mpuuzi wa kati, na stoo, na huyo mwenye sahihi aliyekwenda likizo na mhuri mfukoni, na daktari wa koo kwa saa tano na nusu yake, kwani saa nane kuna ubaya gani, na baba, ndiyo, na baba pia, aliyekohoa mwaka mzima akisema vumbi, vumbi, na mama, na masikio yake, na kiburi chake, na miaka yake sita…

"Baba yako ana jambo," mama anasema. Anasema kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto, lakini nje hawacheki safari hii. Anaitazama mikono yake juu ya mkoba. "Tangu Jumapili ananitazama kama mtu aliyevunja sahani. Anafungua mdomo, anafumba. Anafungua, anafumba. Nikasema huyu ana jambo, na jambo lenyewe si la chumvi." Analivuta pindo la gauni lifunike goti. "Ndiyo nikavaa hili. Nikasema lije, ila linikute nimevaa." Na mpima masikio amegeuka kutoka kwenye skrini, kwa mara ya kwanza tangu iwe bluu ameiacha peke yake, anamtazama mama yake, kola iliyopigwa pasi, kidoti cha poda ambacho hakikuchanganyika vizuri shavuni, na hasira iliyokuwa imeelekea kwa mama inakosa pa kutua, inarudi… kwa sababu ni nani aliyeambiwa sitaki maharagwe yenu akasema sawa? Mara moja tu. Mwaka wa kwanza. Wagonjwa wangapi wamekaa kwenye kiti hicho wakasema sitaki, mimi si kiziwi, na yeye akawabembeleza, akawatania, akawaita tena wiki ijayo, akawapigia simu nyumbani, yule dereva mstaafu alimfuata mara tano mpaka akakubali, mara tano, mtu baki, na mama yake mzazi akasema sitaki mara moja, akamjibu sawa mama, upesi, upesi mno, na kwa nini upesi hivyo, sema, hapa hakuna anayekusikia… kwa sababu miaka sita iliyopita ulirudi nyumbani na masanduku mawili na ndoa imekwisha, na mama aliuliza mara moja, kumetokea nini mwanangu, ukamjibu kwa sauti ya chini ukijua haitafika, ukaona haikufika, ukaona jinsi ilivyo raha isipofika, na tangu siku hiyo ulikuwa unaongea na simu jikoni mama akiwa hapo hapo anachambua mchele, unalia na shoga yako kwenye simu, unacheka, unamtukana yule bwana, unasema ambayo binti hasemi mbele ya mama yake, na mama anachambua mchele. Ilikufaa. Kila mtu mle ndani ilimfaa kidogo, baba kwa redio yake ya mpira, wewe kwa simu yako, na mama katikati, tunapiga kelele chumvi, mlango, mvua, na yaliyobaki tunayameza, na sasa unaitukana kompyuta, kompyuta ina dakika kumi na tisa, wewe una miaka sita.

Anataka kuirudia hasira ya kwanza, ile ya Zima-Washa, ilikuwa nzuri, ilikuwa na joto, lakini haimkubali tena, imepoa mkononi, na chini yake kuna kitu ambacho hakutaka kukigusa, kwamba kila akitazama ile namba moyo wake unafanya mambo mawili kwa pamoja, unasema sogea, na unasema usisogee, kwa sababu ikifika mia mama atasikia, na akisikia tutapanda ghorofa ya tatu, na tukipanda baba atasema, na akishasema basi ni kweli… kumbe ni woga. Kumbe muda wote huu nimefoka kwa woga tu, kama mbwa wa geti. Na woga ukikubalika unaacha nafasi kichwani, na kwenye nafasi hiyo anaingia, bila kualikwa, mwalimu wake wa chuo, yule mama mfupi wa kutisha, siku umeme ulipokatika wakati wa mafunzo na babu mmoja wa watu ameachwa katikati ya kipimo haelewi kinachoendelea, wanafunzi wamekaa wanautazama ukuta kama vile umeme utatokea humo, na mwalimu akavua stetoskopu yake shingoni, ile ile ya daktari ya kusikilizia moyo, akamvisha babu masikioni, akashika ule mduara wa mwisho wa mpira mdomoni mwake mwenyewe, akamwambia babu kwa sauti ya kawaida kabisa, umeme umekatika mzee wangu, tusubiri kidogo, na babu akajibu haya mama, asante. Mwalimu akawageukia, akasema, "Mnashangaa nini? Ni mpira tu." Ni mpira tu. Na unao. Unao kwenye droo ya pili, unautumia kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza, kukisikiliza kifaa kimoja kimoja kama kinakoroma, kila asubuhi ya Mungu kwa miaka kumi na moja unautia masikioni mwako mwenyewe… angekuwa na nguvu ya kujikasirikia angejikasirikia mpaka jioni, lakini hana, anavuta droo, na droo inakwama, inakwama kama kawaida yake, anaipiga goti, inafunguka, anautoa mpira. "Nini tena?" mama anauliza, "mnanipima moyo sasa?" Anamzunguka, anasimama nyuma ya kiti, kwa sababu vidude hivi vya masikioni vya mpira huingia vizuri ukivielekeza mbele, na kutokea nyuma ndiko mkono unakuwa mwepesi, anamsogezea mama nywele za mvi, anavitia, cha kulia, cha kushoto, taratibu, na mama ameikaza shingo kama mtoto anayesukwa. Ghorofa tatu. Lifti ikiwa nzima dakika nne, ikiwa mbovu kumi. Bado tuna saa nzima na zaidi. Baba hahitaji sauti, mkwaruzo unatosha, mkwaruzo utapita humu kama maji, atamwambia sikioni na wanaume saba hawatasikia hata irabu. Kwenye skrini ni thelathini na moja. Kaa hapo, anaiambia, kaa hapo hata mwezi. Anauinua ule mduara baridi mpaka karibu na midomo na ghafla hajui aanze na nini, miaka sita hajamwambia mama yake neno bila kuvuta pumzi kwanza na kukaza shingo, koo lake limeshasahau njia, linataka kufoka, analizuia, anafumba macho.

"Mama."

Mgongo wa mama unashtuka, halafu unatulia, hageuki, anaitazama skrini iliyo mbele yake na kiduara chake.

"Mama, unanisikia?"

Nje mtu anakohoa. Na mama, kwa sauti ndogo ambayo mpima masikio alishasahau kwamba mama yake anayo, sauti ya chumbani, ya zamani, anasema, "Wewe unalia. Mbona unalia?"